Kopo Safi la Mama Makopo

Kopo la rangi la lita nne, likiwa tupu, hata mtoto atalibeba kwa kidole. Sasa lijaze pumba, dagaa waliosagwa na udongo kidogo wa kushikisha, tia jiwe chini yake, lizamishe kwa kamba mpaka likaribie tope, kisha livute juu. Rudia mara ishirini kwa siku. Fanya hivyo miaka kumi na tisa. Hapo utaelewa kwa nini mwanamke ninayetaka kuwasimulia habari zake anachana nywele kwa mkono wa kushoto.

Wanamwita Mama Makopo. Jina la kuzaliwa lipo kwenye kitambulisho, na kitambulisho kipo chini ya godoro. Kule mwaloni, pale mashua zinapofikia na samaki wanapopimwa, hakuna anayelijua na sijasikia aliyewahi kuliuliza. Ana miaka hamsini na nane. Ni mfupi, mpana wa kifua, sauti yake inakwaruza kidogo, na akitaka kukaa hukaa kwa vituo: kwanza mkono ukutani, kisha goti, kisha "aah", ndipo mwili uliobaki unafuata.

Kama hujawahi kuvua kwa kopo, nikueleze kidogo, maana bila hilo hutaiona shida yake. Samaki hawali ndani ya kopo. Kazi ya kopo ni kuwaita. Limetobolewa matundu kwa msumari kuzunguka nusu ya chini, na ukilitikisa kwa kamba linatoa wingu dogo la unga na harufu. Harufu inasafiri, samaki wanaifuata, wanakuja kuzunguka chini ya mashua wakitafuta aliyepika, na hapo ndipo wanakutana na ndoano yako. Ukitoboa matundu makubwa, chakula chote kinamwagika, samaki wanashiba na kwenda zao bila hata asante. Ukitoboa madogo mno, wanapita mbali hawana habari na wewe. Mama Makopo anatoboa arobaini na mbili, kwa msumari wa inchi tatu, akiwa ameweka gogo ndani ya kopo ili bati lisibonyee, halafu analaza ncha kali zote kwa nyundo. Kwa nje analipaka lami lisimemete. Kopo jipya haendi nalo majini mpaka limelala siku nne ndani ya pipa la chambo kilichochacha, likolee. Ukimuuliza kwa nini arobaini na mbili, anasema, "Arobaini na tatu nilijaribu. Haikufaa."

Jambo lenyewe lilianza kwa bahati mbaya. Siku hizo mumewe yu hai, na walikuwa wakivusha gunia la pumba za kulishia kuku wa jirani upande wa pili wa ziwa. Panya alikuwa ameshatoboa gunia. Likavuja kwenye maji yaliyotuama sakafuni mwa mashua, na mume akawa anayakomba na kuyamwaga nje, anakomba anamwaga, huku akimtukana panya na ukoo wake mzima. Mke ndiye aliyeona maji yanachemka kwa samaki nyuma yao. Mume alitukana siku ile. Mke aliwaza. Wiki iliyofuata akaokota makopo mawili nyuma ya karakana ya rangi.

Mume alifariki miaka kumi na moja iliyopita. Kasia likabaki mikononi mwa mdogo wake mume, na hata jina likawa hilo: watu wanamwita Kasia. Ni mwanamume mrefu, mkavu, mcheshi, mwenye viganja vigumu kama soli. Kwa kuwa ni mashemeji, yeye anamwita Mama Makopo "Shem", na Mama Makopo naye anamwita "Shem", na mtu akipiga kelele "Shem!" kutoka nchi kavu wote wawili wanageuka. Kasia anapiga makasia, anashikilia mashua isisogee, na anavua kwa mshipi wake upande wa mbele. Mama anashughulika na kopo na mshipi wake upande wa nyuma. Siku sita kwa wiki wanatoka alfajiri na kurudi saa nane mchana. Injini hawataki, injini inafukuza kile ambacho kopo limeita.

Sasa nije kwenye wiki yenyewe.

Jumatatu hawakupata kitu. Haikuwashtua, siku kama hizo zipo. Jumanne perege wawili wadogo, wa kuonea huruma. Jumatano hakuna. Walipofika mwaloni, mama wa mizani, ambaye anapima samaki wa watu wote na kupima maneno yao pia, alichungulia ndani ya mashua akasema, "Mama Makopo, leo umeniletea maji?"

"Yapime basi."

"Hawa perege wako wamehama nini?"

"Wamehama," akadakia fundi mashua, aliyekuwa amelala chali chini ya boti ya mtu akiziba nyufa. "Na anwani hawakuacha."

Watu wakacheka. Mama naye akacheka, kwa mdomo. Walipokuwa wanapandisha vifaa, Kasia akasimama, akaweka makasia begani, akasema bila kumtazama:

"Shem, nina neno. Kiwanda cha barafu wanatafuta mtu wa getini. Wameniulizia."

"Wakuulizie wewe? Wewe utamzuia nani getini? Si utawapigisha soga wezi mpaka wamalize kupakia?"

"Wanataka jibu mwisho wa wiki." Hakucheka. "Nimefikiri hivi. Tuone mpaka Jumamosi. Samaki wakirudi, tunaendelea kama kawaida. Wasiporudi, Jumatatu mimi naenda kukaa getini."

Mama Makopo alisema "Haya", kwa sauti ya mtu aliyeambiwa kuna wingu. Lakini alipofika nyumbani alikaa kizingitini muda mrefu, kiatu kimoja kimevuliwa na kingine bado. Bila Kasia hakuna mashua. Bega lake haliwezi kasia hata dakika kumi. Vijana wote wamekwenda kwenye boti za injini na nyavu, na hakuna atakayekubali kukaa juu ya jiwe moja kutwa nzima na mama mtu mzima, akitikisa kopo. Jumamosi ikiisha vibaya, miaka kumi na tisa inavutwa mchangani pamoja na mashua, na yeye anabaki mwanamke mwenye pipa la chambo nyuma ya nyumba na hana pa kulipeleka.

Basi akaanza kutafuta kosa. Alhamisi alibadilisha pumba, akatia za ngano badala ya mahindi, akaongeza mkate mkavu. Alimwambia Kasia wahame jiwe wanalovulia, waende kule kwenye majani. Kasia akapiga makasia mpaka kwenye majani. Wakakaa hapo kwa muda wa saa tano. Kopo lilishuka na kupanda, lilishuka na kupanda, na kila lilipopanda bega lilimtonesha mpaka kwenye meno.

"Labda maji yamepoa," akasema.

"Labda," akasema Kasia.

"Au kamba inatoa sauti?"

"Kamba itoe sauti gani, Shem?"

"Mimi najuaje! Nauliza. Wewe huoni kitu? Macho yako mazuri kuliko yangu."

"Macho yangu hayaoni kitu," akasema Kasia, na akatazama upande mwingine.

Ijumaa alirudi ziwani na kopo jipya la matundu thelathini na nane, ambalo halikuwa limekolea hata siku moja. Alikuwa amelitoboa kwa hasira baada ya chakula cha jioni. Halikuleta chochote. Samaki mmoja tu alinasa, na alinasa mkiani. Yaani hata yeye hakuwa amekuja kula, alikuwa anapita.

Hapa lazima niwatambulishe mtu wa tatu, na ndiye wa mwisho.

Mama Makopo ana mtoto mmoja wa kiume, anafanya kazi kwenye ujenzi wa barabara mbali huko. Wiki nne kabla ya haya alikuja na mke, akamwacha kwa mama yake mpaka atakapopata chumba karibu na kambi, akarudi kazini. Binti mwenyewe alikuwa mpole, mwembamba, mwenye haraka ya kusimama. Ukitia mguu ndani, keshasimama. Ukikohoa, keshaleta maji. Nyumba ya Mama Makopo ina vyumba viwili na uwanja mdogo wa nyuma wenye bomba, kamba ya nguo na pipa la chambo, na Mama ameishi humo peke yake muda mrefu kiasi kwamba kila kitu kinafanyika kabla mtu hajafikiri kukifanya. "Wacha mwanangu, nimeshamaliza." "Kaa mwanangu, pumzika." Alidhani anamwonyesha upendo. Mkwe yeye aliona kila siku anazuiwa mlango wa kuingilia.

Ijumaa ile Mama aliporudi hakulala kama alivyozoea. Mchana hujilaza na chupa ya maji ya moto begani na hasikii la mtu mpaka saa kumi. Siku hiyo usingizi ulikataa. Akatoka nyuma kwenda kuchungulia pipa, akidhani labda chambo chenyewe kimeharibika, maana yeye mwenyewe hawezi kujua kwa harufu. Niliwaambia? Sikuwaambia. Miaka yote hiyo ya kukaa na dagaa waliooza imemla pua. Hasikii vitunguu vikiungua. Hasikii mvua ikija. Pua yake ilistaafu kabla yake.

Akamkuta mkwe amechuchumaa bombani. Mikono imezama mpaka viwiko kwenye beseni la povu. Ndani ya povu, makopo yote mawili. Kamba nayo ilikuwa imelowekwa kwenye ndoo ya pembeni, na maji ya ndoo yalikuwa ya samawati kwa sabuni ya unga. Mkwe alikuwa anasugua ndani ya kopo kwa waya wa kusugulia masufuria, kwa bidii, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo kama mtoto anayeandika.

"Mwanangu," akasema Mama. "Hiyo ni nini?"

Mkwe akaruka juu. "Mama! Nilidhani umelala. Nilitaka… Nasafisha tu, Mama. Nasafisha kila siku ukilala, tangu Jumapili, halafu nakurudishia pale pale usijue."

"Kila siku."

"Kulikuwa na harufu, Mama, samahani. Jumamosi ulipopita pale dukani, wale wa kwenye foleni walishika pua. Mimi nilikuwa nyuma yako. Nikaona aibu, siyo kwa ajili yangu, kwa ajili yako. Nikasema hili angalau naweza." Akachukua pakiti ya sabuni, akaionyesha kama mtu anayetoa ushahidi. "Nimenunua ile nzuri. Yenye maua."

Mama Makopo alikwenda ukutani, akaweka mkono, akaweka goti, akasema "aah", akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Kwa kweli maneno yalimjia. Yalimjia mengi, yakajipanga mdomoni. Samaki akisikia sabuni ni kama wewe kualikwa kwenye nyumba inayofuka moshi, husubiri kuambiwa. Siku tano alikuwa anashusha ziwani kengele ya kufukuzia. Siku tano bega lake. Na Jumamosi ni kesho. Lakini alimwangalia yule binti, povu linamdondoka viwikoni, bado ameshika pakiti, na akaona kwamba neno moja tu likitoka binti huyu hatagusa tena kitu ndani ya nyumba hii mpaka azeeke.

"Nimefanya vibaya, Mama?"

"Hapana, mwanangu. Umeosha vizuri mno."

Mkwe si mjinga. Alitazama kopo, akatazama pipa, akamtazama mama mkwe wake aliyekuwa amefumba macho, na taratibu mkono ukaenda mdomoni.

"Samaki!" akasema.

"Usilie sasa hivi. Ukilia nitalia na mimi, na kazi ipo. Washa jiko. Lete lile sufuria kuukuu. Hiyo kamba itupe, haitatoka sabuni leo wala mwaka huu, nitachukua ile ya nanga. Na sikiliza." Akafungua macho. "Hili tunalijua wawili. Shemeji yangu akilijua, kwa mdomo wake ule, Jumatatu mwalo mzima utakuwa unakuita Bibi Sabuni, na wajukuu zangu wataitwa watoto wa Bibi Sabuni. Umenielewa?"

Walisugua makopo kwa mchanga na majivu. Wakayasuuza maji saba. Wakayachemsha ndani ya mchuzi wa dagaa na pumba mpaka majirani wakafunga madirisha. Binti alikuwa akikoroga, machozi ya moshi na ya mengine yanamtoka, na kila baada ya muda alinusa kopo na kutoa ripoti, kwa kuwa pua ilikuwa yake peke yake.

"Bado maua kidogo, Mama."

"Ongeza dagaa."

"Sasa?"

"Mimi unaniuliza nini? Sema wewe."

"Sasa linanuka vibaya sana, Mama," akasema binti, na kwa mara ya kwanza tangu aje akacheka mle ndani.

Asubuhi ya Jumamosi Kasia alikuja kuchukua vifaa kama ilivyo desturi yake. Yeye ndiye anayebeba kopo toka nyumbani hadi majini, kopo mkono mmoja na makasia begani. Siku hiyo Mama alilibeba mwenyewe, amelifunga kwenye gunia. Alisema anataka kunyoosha mkono. Kasia hakubisha. Hakusema hata mzaha wake wa asubuhi. Alipiga makasia mpaka kwenye jiwe lao la siku zote, akashusha nanga kwa kipande cha kamba kilichobaki, akatia mnyoo kwenye ndoano, akakaa na viganja katikati ya magoti.

Kopo lilishuka. Mama akalitikisa mara tatu, akapumzika, mara mbili, akapumzika. Wingu la kijivu likafunguka chini na kwenda polepole upande wa majani.

Robo saa ikapita. Nusu saa. Alihisi jasho linashuka mgongoni ingawa jua lilikuwa bado halijawa na nguvu. Halafu mshipi wake ukaguswa, kidogo, kama mtu anayebisha hodi na kuogopa kuamsha watoto. Ukaguswa tena. Akavuta. Perege mpana kama sahani, mgongo mweusi, akaja akipigapiga sakafuni.

"Shem!" akasema. "Shem, umeona?"

"Nimeona."

Wa pili alikuja kabla wa kwanza hajatulia. Mshipi wa Kasia ukakaza. Baadaye walivua bila kuhesabu. Ndoano ilikuwa haifiki chini. Mama Makopo alisahau bega. Alicheka peke yake, akawasemesha samaki, "Ee, karibuni, mlikuwa wapi, tulikuwa na wasiwasi," akafuta uso kwa kiwiko, akavuta mwingine. Miaka mingi hakuwa ameona asubuhi kama ile. Ilimchukua muda mpaka kugundua kwamba upande wa mbele hakuna anayemjibu.

Akageuka. Kasia alikuwa anavua. Mikono ilifanya kila kitu inavyotakiwa. Lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyeitwa kazini siku yake ya mapumziko.

"Una nini?"

"Sina kitu."

"Wamerudi, Shem! Umesema wakirudi tunaendelea."

"Nilisema." Akamtoa samaki kwenye ndoano, akamlaza pamoja na wenzake. "Vuta kopo, litakuwa limekwisha. Nipe nikujazie."

Mama akalivuta. Kasia alinyoosha mkono mrefu akalipokea, likichuruzika, akafungua kifuniko. Kabla ya kutia pumba alilisogeza puani, akanusa.

"Kwa hiyo leo hakuliosha," akasema.

Mashua ilikuwa inacheza kidogo kwa uzito wa samaki. Mama Makopo alikaa na mshipi mkononi.

"Umesemaje?"

"Nimesema leo halina sabuni."

"Ulijua?"

"Mimi ndiye ninayelibeba, Shem. Jumatatu lilikuwa linanukia kama bibi harusi. Nilijua papo hapo ni yule binti, wewe huna sabuni ya namna hiyo."

"Jumatatu." Sauti yake ilishuka. "Siku tano. Nimebadilisha pumba. Nimetoboa kopo jipya. Nimekuuliza, Alhamisi, kwa mdomo wangu: wewe huoni kitu?"

"Uliniuliza macho."

Kama alitaka kuchekesha, alijuta hapo hapo. Mama Makopo aliokota bakuli la kukombea maji na kwa muda ilionekana kama atalirusha. Mshipi wake ukakaza, ukavutwa, ukakwaruza ubao wa mashua. Hakuna aliyeushika.

"Jumatatu nilitaka kukwambia," akasema Kasia. Alikuwa anaongea na kopo. "Lilikuwa mdomoni. Tukafika, ukashusha, hakuna kitu. Nikakaa. Saa nzima nimekaa, mikono hivi. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilikaa hivyo. Nikasema, nitamwambia kesho. Na kesho yake nikasema hivyo hivyo."

"Si ungesema umechoka? Mtu mzima, mdomo unao, siku zote haufungi!"

"Nilisema."

"Lini?"

"Mwaka juzi, mgongo uliponikamata. Nikakwambia Shem, mimi nadhani nimefika mwisho. Ukasema mgongo wangu utakufa baada ya mdomo wangu. Nikacheka na mimi. Mwaka jana, siku ile ya upepo, nikakwambia tena. Ukasema tuvumilie msimu huu. Msimu ukaisha, ukaanza mwingine." Akapumua. "Na kaka, siku zake za mwisho, alinishika mkono huu akaniambia nisikuache majini peke yako. Ningekuachaje? Nikaona samaki wakikataa wenyewe, si mimi niliyekataa. Nilitaka wao ndio waseme."

Hakuinua macho. Viganja vyake vilikuwa vimekaa wazi juu ya magoti, na Mama Makopo aliviona, sijui kwa nini siku hiyo aliviona: vidole viwili vya mkono wa kulia havikuwa vinanyooka. Vilibaki vimekunjika, vimeshika kasia ambalo halikuwepo. Vimekuwa hivyo tangu lini? Yeye alikaa nyuma yake miaka yote hiyo, macho yake chini kwenye kamba.

Hasira haikuondoka. Nisiwadanganye. Ilikaa pale pale, lakini ikaishiwa nguvu, kama mtu aliyepanda ngazi kuja kugombana akafika juu hana pumzi. Mwenyewe alikuwa amechoka. Alikuwa hajajiuliza neno hilo siku nyingi kwa kuogopa jibu.

"Kaka yako," akasema mwishowe, "alikuambia hadi lini?"

"Hakusema."

"Basi mimi nasema, mimi mkewe. Ni hadi leo."

"Shem, nimekwambia wakirudi—"

"Nimesikia ulichoniambia. Nipe kopo."

Akalichukua, akalijaza chambo chote kilichobaki, akalielekeza nje, akagonga chini yake kwa kiganja. Donge la chambo likaanguka majini, *bwaa*, likapasuka na kusambaa, chakula chote kwa mkupuo mmoja, jambo ambalo katika maisha yake yote hajawahi kulifanya. Maji yakachemka.

"Watashiba sasa," akasema Kasia.

"Washibe."

Wakakunja mishipi. Kasia akataka kuuliza kitu, akakiacha, akakirudia. "Na wewe Jumatatu?"

"Jumatatu sijui. Nitalala mpaka saa mbili nione inakuwaje. Kuna wale wanaonisumbua niwatobolee makopo, labda nitawatobolea. Labda nitakuja getini nikuibie barafu." Alikuwa anatazama samaki waliojaa hadi kwenye vifundo vya miguu yao, na sauti ilimkatika katikati ya mzaha, akajifanya anakohoa. "Pandisha nanga. Jua linawaharibu hawa."

Kasia alipandisha nanga, akakaa kwenye ubao wake, akashika makasia. Mashua ilikuwa nzito. Alivuta mara moja, mara mbili, na mara ya tatu mkono wa kulia uliachia wenyewe. Alibaki ameinama, anahema.

Mama Makopo alisimama, kwa vituo vyake, akapita juu ya samaki huku ameshika mabega ya shemeji yake, akageuka, akajibana ubavuni kwake kwenye ule ubao mmoja. Akachukua kasia la kulia kwa mikono yote miwili.

"Bega lako, Shem."

"Wewe piga lako. Langu usiliangalie."

Wakaanza. Kasia la kushoto lilikuwa na nguvu, la kulia lilikuwa linagusa maji tu kama linaomba radhi. Mashua ikageuka pua kulia, ikaelekea kwenye majani.

"Punguza!" akasema Mama. "Unanizungusha."

"Wewe ongeza."

"Nikiongeza nitakufa hapa hapa."

"Basi napunguza."

Akapunguza. Akavuta kidogo, kiasi cha mkono wa Mama, akasubiri, akavuta tena. Pua ya mashua ikarudi polepole ikaelekea mwaloni, ambako mama wa mizani alikuwa ameshasimama, mkono juu ya macho, anajiuliza nini kinawafanya wale wawili wakawie hivyo.